Sweta la Februari: dalili za ugonjwa wa ulaji na kwa nini zinatupita

Februari, Dar es Salaam. Feni inazungusha joto lile lile, watoto wamelala sakafuni kutafuta ubaridi wa vigae, na mtoto wa dada yangu, miaka 16, kakaa kwenye kochi amevaa sweta la shule na soksi. Nikamuuliza kama ana malaria. "Sina, mama mdogo. Nasikia baridi tu." Nikamshika vidole: baridi kama vya mtu aliyetoka kubeba barafu. Tukampima malaria, hana. Nikasema basi, labda mafua yanamjia, nikaendelea kukuna nazi. Dalili ya kwanza nilikuwa nimeishika mkononi, nami nikaiachia.

Hiyo ndiyo tabu ya magonjwa ya ulaji. Dalili zake hazijifichi. Zinakaa sebuleni, mezani na msalani, ila zimevaa nguo za mambo tunayoyajua: mafua, vidonda vya tumbo, mimba, swaumu, ukaidi wa umri. Ukizisoma zimepangwa kwenye karatasi utaona ni rahisi kuzitambua. Nyumbani ni kazi nyingine kabisa.

Hata neno lenyewe linatusumbua. Wataalamu husema "matatizo ya ulaji" au "magonjwa ya ulaji", lakini mtaani sijamsikia mtu akisema hivyo. Mtaani tunasema anajinyima, anadeka, kakonda kwa mawazo. Au kwa upande wa pili, mlafi, hana adabu na chakula. Yote hayo ni maneno ya tabia. Ndiyo maana hatua ya kwanza tunayochukua huwa ni kumsema mtoto badala ya kumpeleka kwa daktari.

Chini ya jina hilo kuna magonjwa kadhaa. Anoreksia ni pale mtu anapojinyima chakula mpaka mwili unapungua kupita kiasi, akiwa na hofu ya kunenepa isiyopungua hata anapobaki mifupa. Si ugonjwa wa juzi: jina lake alilitoa William Gull, daktari wa London, miaka ya 1870, wakati Charles Lasègue wa Paris naye anaeleza wagonjwa wa aina hiyo hiyo. Bulimia ilielezwa na Gerald Russell, pia London, mwaka 1979: mtu anakula chakula kingi kwa muda mfupi akihisi hawezi kujizuia, kisha anajaribu kukifuta kwa kujitapisha, kunywa haluli (dawa ya kuendesha tumbo), kushinda na njaa au kufanya mazoezi ya kujiadhibu. Upo ugonjwa wa kula kupindukia, ambao mgonjwa hafuti chochote baada ya kula; anabaki na maumivu ya tumbo na aibu. Huu ulipewa nafasi yake rasmi katika mwongozo wa madaktari wa akili wa Marekani mwaka 2013 tu, ingawa unawapata watu wengi kuliko hiyo miwili ya kwanza. Na upo wa kukwepa chakula, unaoonekana sana kwa watoto: anaogopa kupaliwa, hawezi kuvumilia harufu au ute wa baadhi ya vyakula, orodha ya anavyokula inazidi kufupika, na umbo la mwili halimshughulishi kabisa. Watu wengi hawakai ndani ya mipaka hii. Anayeanza kwa kujinyima anaweza, baada ya mwaka, kuwa anakula na kutapika.

Sasa, kosa letu kubwa ni kusubiri mtu akonde. Mwenye bulimia mara nyingi ana uzito wa kawaida kabisa. Mwenye kula kupindukia anaweza kuwa mnene, na kila anayekutana naye anampa ushauri wa kupunguza kula, ushauri unaozidi kumsukuma: anajinyima mchana kutwa, usiku njaa na aibu vinamshinda pamoja. Hata mwenye anoreksia hakondi siku ya kwanza. Kabla ya kilo kuondoka, kinachobadilika ni uhusiano wa mtu na chakula, na hapo ndipo pa kutazama.

Kwa mtu wa aina hiyo chakula kinakuwa na sheria, na sheria zinaongezeka. Mwanzoni zinasikika kama busara tupu. Nimeacha soda. Nimeacha vya kukaanga. Nani atagombana na mtu aliyeacha chipsi? Kisha wali unaondoka, kisha ugali, kisha chochote chenye nazi, kisha chochote kilichopikwa na mtu mwingine kwa kuwa hajui ametia mafuta kiasi gani. Baadaye zinakuja sheria za saa. Mtu anayejali tu afya yake akialikwa harusini atakula pilau, kesho ataendelea na mambo yake. Mgonjwa anaanza kukosa usingizi siku kadi ya mwaliko inapoletwa. Atatafuta udhuru, akienda atasema ameshiba, na akila, kesho yake atalilipa lile sahani kwa njaa, kwa kukimbia, au kwa kujifungia chooni. Ukiiona hofu hiyo ya kuvunja sheria, umeuona ugonjwa, hata kama mashavu bado yamejaa.

Kwetu tunakula pamoja, watu watano sita mkekani kwenye sinia moja, na tunadhani hilo linatulinda. Kumbe ni mahali pazuri pa kujificha. Kwenye sahani ya peke yako mabaki yanaonekana, lakini kwenye sinia nani atahesabu matonge? Nilipoanza kumtazama binti yetu kwa makini niliona anafinyanga tonge vizuri, analigeuza, analichovya kwenye mchuzi, analisogeza upande wa mdogo wake. Mkono una kazi muda wote. Mdomo nao unatafuna, ila unatafuna kipande kile kile cha mchicha. Wa kwanza kunawa ni yeye, wa kwanza kuinuka kutoa vyombo ni yeye, nasi tunamsifu: ona mtoto anavyomsaidia mama yake.

Siku moja nikamkuta uani, bombani, ameshika kipande cha nyama ya mchuzi anakisuuza. Anakisuuza kama mtu anavyosuuza bilauri. Manjano na mafuta yanateremka na maji, naye ameinama anakitazama mpaka kikawa cheupe. Aliponiona akasema mchuzi ulikuwa na pilipili. Mchuzi niliupika mimi, na haukuwa na pilipili.

Jambo lililotuchanganya zaidi ni kwamba alikuwa anapenda kupika kuliko wakati wowote. Alijifunza kupika biriani kwenye simu. Alikuwa anatazama video za vyakula mpaka usiku wa manane, anatupikia Jumapili nzima, kisha anakaa pembeni kututazama tunavyokula: "Ongezeni, kipo kingi." Tungemshukuje mtu wa namna hiyo kwamba haumwi kitu ila njaa?

Maelezo yake yapo tangu Vita Kuu ya Pili. Mwaka 1944, katika Chuo Kikuu cha Minnesota nchini Marekani, mtafiti Ancel Keys aliwachukua vijana 36 wa kiume waliokataa kupigana vitani na kukubali kutumikia kwa njia nyingine. Walichaguliwa kwa kuwa na afya njema ya mwili na akili. Kwa karibu miezi sita walipewa nusu tu ya chakula walichohitaji, mpaka wakapoteza kama robo ya uzito wao. Vijana ambao hawakuwahi kuwa na neno na chakula wakaanza kukusanya vitabu vya mapishi, kuota chakula, kukivuta mlo mmoja kwa saa nzima, kulamba sahani, kuchanganya vyakula kwa namna za ajabu. Wakawa wakali, wakajitenga, wakawa na huzuni, wakawa wanasikia baridi muda wote. Walipoanza kulishwa tena, wengine walikula mpaka wakaumwa, na bado hawakushiba. Ninautaja utafiti huu kwa sababu unaondoa sehemu ya lawama: mengi tunayoyaita ukaidi, kununa na vituko vya msichana ni kazi ya njaa yenyewe ndani ya ubongo. Ubongo usiolishwa haufikirii kitu kingine ila chakula.

Zipo dalili nyingine za nyumbani ambazo nitazipitia haraka. Kwenda msalani mara tu baada ya kula, maji ya bomba yakifunguliwa kwa nguvu. Biskuti, mkate au wali uliobaki unaotoweka usiku, na pakiti tupu chini ya godoro. Chai za kupunguza mwili, sanamaki au vidonge vya kulainisha choo kwenye mkoba wa mtu asiyelalamika tumbo. Mazoezi hata akiwa na homa, na hasira za kweli akizuiwa. Kujipima uzito mara nyingi kwa siku, au kinyume chake, kukimbia vioo na kamera. Nguo pana. Kuacha marafiki, hasa wale aliokuwa anakula nao. Na ule uongo mdogo wa kila siku: "nimekula shuleni" nyumbani, "nitakula nyumbani" shuleni. Nampa mzazi ushauri mmoja wa kishushushu, nisamehewe: mara moja tu, linganisha hayo mawili.

Mwili nao unasema, kwa mtu anayejua lugha yake. Baridi ndiyo hiyo niliyoiona. Mwili usio na mafuta wala kuni za kuwasha unapunguza moto, mapigo ya moyo yanakwenda polepole, vidole vinakuwa vya samawati kidogo. Hedhi inaruka mwezi, miezi miwili, kisha inakata. Nywele zinabaki kwenye kitana, halafu mgongoni na mikononi zinaota nyingine laini, zile tunazoziita malaika, kama za mtoto mchanga: mwili unajifunika wenyewe. Kizunguzungu akisimama ghafla. Choo kigumu kwa wiki nzima. Kwa anayejitapisha, tezi za mate zilizo chini ya masikio zinavimba mpaka uso unaonekana wa mtu mwenye matubwitubwi, meno yanaliwa na asidi upande wa ndani na kuanza kuuma kwa maji baridi, na kwa wengine vifundo vya vidole vinaota sugu kwa kukwaruzwa na meno. Daktari wa meno wakati mwingine ndiye wa kwanza kujua.

Hapa ndipo tafsiri zetu zinapotupoteza. Mtu akikonda hapa kwetu, fikra ya kwanza ni UKIMWI, ya pili kifua kikuu, ya tatu minyoo. Hakuna ubaya, vipimo hivyo vifanywe, pamoja na vya kisukari na tezi ya shingo, kwa kuwa magonjwa hayo yapo na yanakondesha kweli. Tatizo ni kinachofuata majibu yakitoka safi: familia inashusha pumzi na faili linafungwa. Mama akisikia binti anatapika, anafikiri mimba. Kipimo kikionyesha hakuna, anamshukuru Mungu, na kutapika kunaendelea. Msichana akianguka paredi, kuna shule wataitwa watu wa kuombea mapepo kabla ya kuulizwa amekula lini. Na udhuru unaopendwa kuliko zote ni vidonda vya tumbo. "Daktari alinikataza maharage." "Nyanya zinanichoma." Kila ukoo una mtu mwenye vidonda vya tumbo, kwa hiyo hakuna anayeuliza zaidi, nasi tuliishi na udhuru huo miezi minne. Vidonda vya tumbo vinaweza kumnyima mtu pilipili na ndimu. Havimfanyi aogope wali mweupe.

Wapo wanaosema haya ni magonjwa ya wazungu. Na mimi niliwahi kusema hivyo. Visiwani Fiji, ambako mwili mnene ulikuwa sifa kama ulivyokuwa kwetu, televisheni iliingia eneo la Nadroga mwaka 1995. Mtafiti Anne Becker wa Harvard aliwahoji wasichana wa shule mwaka huo huo, akarudi 1998 kuwahoji wengine wa rika hilo. Mara ya kwanza hakuna aliyesema anajitapisha ili apungue. Miaka mitatu baadaye walikuwa asilimia 11.3, na waliokuwa na alama za hatari kwenye dodoso walikuwa wamepanda kutoka asilimia 12.7 hadi 29.2. Hiyo ilikuwa televisheni tu, kabla ya simu mkononi na vichujio vya kupunguza kiuno kwenye picha. Tanzania nayo imetazamwa: utafiti wa wanawake na wasichana uliochapishwa 2007 ulikuta dalili hizi zipo, na zaidi kwa walio karibu na vyombo vya habari vya Magharibi.

Lakini si kila mgonjwa anaanzia kwenye picha. Utafiti wa Ghana uliochapishwa 2004 ndio ulionifungua macho. Kati ya wasichana 668 wa sekondari, 29 walikuwa wamepungua kupita kiasi, na 10 kati ya hao hawakuonekana na sababu nyingine ila kujinyima chakula. Hawakuzungumzia unene wala umbo. Walizungumzia dini, kujitawala na kuishinda njaa. Daktari angewauliza "unaogopa kunenepa?" wangemjibu hapana, na wangekuwa wanasema kweli.

Kwa hiyo tuseme wazi juu ya kufunga, jambo ambalo wengi hatupendi kuligusa. Swaumu haimpi mtu ugonjwa wa ulaji. Lakini mwenye ugonjwa anapata ndani yake mwezi mzima wa kusifiwa kwa kutokula. Ishara za kutazama ni ndogo: haamki daku, anasema hana njaa, futari inapoandaliwa yeye yuko jikoni anahudumia, anafungulia tende moja na maji, kisha anapotea. Idi inapita. Anafunga sita za Shawwali, vizuri. Anaendelea na Jumatatu na Alhamisi, vizuri pia. Kisha inakuwa kila siku, na ukimwambia apumzike analia. Upande wa makanisani ni Kwaresima isiyokwisha, maombi ya siku 21 yanayoongezwa mengine 21, kufunga kavu. Dini zote mbili zinamwondolea mgonjwa wajibu huo. Qurani yenyewe, katika sura ya Al-Baqara, inampa mgonjwa ruhusa ya kutofunga. Shekhe au mchungaji mwenye busara akilisema hilo kwa kinywa chake, linaweza kuingia mahali ambapo neno la daktari halifiki.

Na wavulana? Wapo, na wanachelewa kugunduliwa kwa sababu hakuna anayewafikiria. Dalili zao mara nyingi zinapitia gym: mayai meupe tu, unga wa protini, hofu ya kuwa mwembamba badala ya hofu ya kuwa mnene, siku kuharibika kwa kukosa zoezi moja. Katika michezo ya kupima uzito kama ngumi, na katika mbio ndefu, kujinyima kunaitwa nidhamu. Msichana mwanariadha aliyekatika hedhi na kuvunjika mfupa wa mguu bila kuanguka ana njaa, hata kama kocha anafurahia muda wake. Mwingine wa kuangaliwa kwa jicho la pekee ni kijana wa kisukari anayechomwa insulini ambaye uzito unashuka na sukari haishuki: wapo wanaoruka dozi kwa makusudi ili wapungue, na hilo linaua haraka.

Kuna maswali matano ambayo madaktari wa London waliyachapisha mwaka 1999 ili daktari wa kawaida, asiye bingwa, ajue kama kuna haja ya kuchimba zaidi. Je, huwa unajitapisha kwa sababu umeshiba mpaka unaona vibaya? Una wasiwasi kwamba umeshindwa kudhibiti kiasi unachokula? Umepoteza zaidi ya kilo sita hivi katika miezi mitatu? Unajiona mnene wakati wengine wanakuona mwembamba mno? Je, unaweza kusema chakula kimeyatawala maisha yako? Ndiyo mbili au zaidi, mtu aonwe. Ukiyauliza, yaulize kwa sauti ya kawaida, na usiyafanye mtihani. Na uwakumbuke wale wasichana wa Ghana: kuna wagonjwa wanaopita katikati ya maswali haya bila kuguswa.

Baadhi ya ishara hazingoji miadi. Kuzimia, moyo kwenda mbio au kuruka mapigo, maumivu ya kifua, kutapika damu, kukataa hata maji, miguu kuvimba, kuchanganyikiwa, au kuzungumza juu ya kufa: hapo ni hospitali siku hiyo hiyo. Kutapika na haluli vinaondoa madini ya potasiamu mwilini, na moyo bila potasiamu unaweza kusimama kwa mtu anayeonekana mzima. Anoreksia ni miongoni mwa magonjwa ya akili yanayoua zaidi, wengi kwa moyo na udhaifu wa mwili, na kama mmoja kati ya watano kwa kujitoa uhai. Madaktari wana kipimo kimoja rahisi: humwambia mgonjwa achuchumae kisha ainuke bila kujishika. Asiyeweza, mwili wake umeanza kula misuli. Nyumbani kwetu tulikuwa tunakiona kipimo hicho kila siku bila kujua. Alikuwa anainuka mkekani kwa kushika bega la mdogo wake.

Onyo moja kabla hujakimbilia uji wa lishe. Mtu aliyekaa muda mrefu bila kula kitu cha maana asishindiliwe chakula kingi kwa siku moja. Baada ya Vita Kuu ya Pili madaktari waliwaona watu waliookolewa na njaa wakifa baada ya kulishwa. Chakula kinapoingia kwa wingi, madini kama fosfeti huhama ghafla kutoka kwenye damu kwenda kwenye seli, na moyo unashindwa. Aliyefikia hapo hulishwa kidogo kidogo, damu yake ikipimwa, mikononi mwa watu wanaojua.

Kuzungumza naye ndiyo kazi niliyoiogopa kuliko zote. Mara ya kwanza niliiharibu: nilisema mbele ya watu, wakati wa chakula, na nikaanza na mwili. "Mbona umekuwa hivyo?" Akacheka, akanawa, akaondoka. Sisi ni watu wa kusalimiana kwa miili. "Umenenepa!" bado ni pongezi kwa shangazi anayeitoa, na "umepungua, unaumwa?" ni huruma. Kwa mgonjwa, la kwanza ni kisu, na la pili, Mungu atusamehe, ni pongezi. Mara ya pili nilimngoja tukiwa wawili, tunachambua mchele, mikono ina kazi na macho yako chini. Sikusema kukonda. Nilimwambia nilichokiona: nyama bombani, sweta, kuinuka kwake. Alinyamaza muda mrefu sana. Kisha akasema, "Mama mdogo, nimechoka kuhesabu." Sikumuuliza anahesabu nini.

Usingoje ajibu hivyo. Wengi watakana, watakasirika, watakuambia una wivu, na kukana ni sehemu ya ugonjwa. Kupanda gari kwenda kituo cha afya hakuhitaji mgonjwa akubali jina la ugonjwa. Kunahitaji akubali kupimwa kizunguzungu. Ukifika, sema yote, na useme kwa mpangilio: hedhi ilikatika lini, anatapika mara ngapi, ameacha vyakula gani, amezimia mara ngapi. Omba apimwe mapigo na presha akiwa amelala na akiwa amesimama, damu na madini yake, na kipimo cha moyo cha ECG kama kipo. Mahali pa kwanza tulipokwenda tuliambiwa "mpe vitamini, umri huo" na tukarudishwa. Tulikwenda pengine. Kwa hatua inayofuata, hospitali kubwa kama Muhimbili zina idara za afya ya akili, na zipo hospitali za magonjwa ya akili zenyewe: Mirembe ya Dodoma, Mathari kwa Nairobi, Butabika kwa Kampala. Kutajwa kwa Mirembe kutamshtua bibi yeyote, najua. Mwelezeni bibi.

Matibabu yapo na watu wanapona, ingawa ni safari ya miezi, mara nyingi miaka. Kwa vijana, njia yenye ushahidi mzuri ilianzia hospitali ya Maudsley, London, miaka ya 1980: wazazi wanachukua usimamizi wa milo yote kwa muda, wanakaa na mtoto mezani mpaka sahani iishe, bila kumlaumu na bila kubishana naye, kisha wanamrudishia madaraka kidogo kidogo. Kwa bulimia na kula kupindukia, tiba ya mazungumzo inayofuatilia mawazo na mienendo ndiyo husaidia zaidi, na hatua yake ya mwanzo huwashangaza wengi: kula kwa wakati, mara kadhaa kwa siku, ili njaa isijikusanye mpaka ikavunja mlango usiku.

Hiyo njia ya Maudsley inahitaji watu, na watu tunao. Dada alishika kifungua kinywa, mimi mchana, mjomba wake chakula cha usiku, na sinia tukaliweka kabatini: kila mtu sahani yake. Wiki za mwanzo zilikuwa za kulia, yeye na sisi. Sweta alilivua Julai ya mwaka uliofuata, sisi tukiwa tunatafuta mashuka mazito. Maandazi mpaka leo hagusi.